Wanaoshuka Kabla ya Kituo

Saa mbili asubuhi, barabara ya Kilwa, daladala ya kutoka Mbagala ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mama kijana amempakata mwanawe wa kiume, wa miaka minne hivi. Kila konda alipogonga bati kumpa dereva ishara, mtoto aliziba masikio kwa viganja na kutoa sauti moja ndefu ambayo haikuwa kilio wala neno. Bati likagongwa tena. Mtoto akaanza kupiga kichwa kwenye kioo.

"Dada, unamdekeza huyo," alisema kijana aliyesimama karibu. "Kofi moja tu, atatulia." Bibi wa kiti cha nyuma akainama mbele, kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, huyo si bure. Kuna shekhe pale Kongowe, mpeleke akasomewe." Waliobaki hawakusema kitu, walitazama. Mama alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, ya aina ile watu wanayowekea karatasi za hospitali, na muda wote alikuwa akiikunja na kuikunjua pembe. Tulipofika Mtoni kwa Azizi Ali akashuka. Akavuka barabara, akasimama upande wa pili, wanakosubiri magari ya kurudi Mbagala.

Kliniki nyingi hazina daftari la wasiofika. Zina daftari la waliofika, na kwa kulisoma hilo ndipo hupangwa vyumba, vifaa na ajira. Kwa hiyo mama yule alipovuka barabara hakupoteza miadi yake peke yake. Alijiondoa, bila kujua, katika hesabu ambayo siku moja ingemleta karibu mtaalamu wa watoto kama mwanawe. Uchambuzi huu unaifuata njia ile kituo kwa kituo: nyumbani, kwa waganga, hospitalini, shuleni, na mwisho ofisini kwa wanaohesabu. Katika kila kituo kuna wanaoshuka. Tukitazama nani hushuka wapi, tutaona kwamba unyanyapaa na ukosefu wa usawa si matatizo mawili yaliyo majirani tu. Moja hulisha lingine.

Tofauti isiyo na jina

Kuna watu ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo kwa namna isiyo ya wengi. Mwenye usonji anaweza kuusikia mlio wa bati kama msumari sikioni, akatulizwa na kuzungusha kifuniko cha chupa saa nzima, akazijua ruti zote za daladala kwa kichwa, na bado asiweze kusema "nina njaa". Mwenye hali ambayo madaktari huifupisha ADHD hashindwi kuelewa. Anashindwa kulishika jambo moja kabla la pili halijamvuta. Mwenye disleksia husikiliza somo akalielewa lote, lakini maneno yaleyale yakiandikwa ubaoni humchukua muda mrefu mno kuyasoma. Mwaka 1998, katika tasnifu yake ya chuo kikuu, Judy Singer wa Australia alipendekeza tofauti hizi zitazamwe kama tunavyoitazama anuwai ya viumbe: ni sehemu ya maumbile ya binadamu, hata pale zinapomfanya mhusika ahitaji msaada mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, uwagawe kwa kadirio hilo, utapata watu wapatao 486,000. Hiyo si takwimu iliyopimwa Tanzania. Ni namna ya kuonja ukubwa wa jambo. Wengi wa watu hao wanaishi bila jina la hali yao. Neno usonji lenyewe bado ni geni mitaani, na yaliyopo badala yake ni taahira, zezeta, punguani, mtukutu, bubu, na lile linalobeba kila mzigo, mtindio wa ubongo. Mzazi hawezi kuulizia huduma ya kitu asichokijua jina.

Unyanyapaa, kwa upande wake, ni neno tunalolijua vizuri. Tulifundishwa na UKIMWI. Ila tumezoea kulitumia kwa maana ya roho mbaya ya mtu mmoja, jirani aliyekataa kula sahani moja na mgonjwa. Wanasosholojia wa Marekani Bruce Link na Jo Phelan waliongeza jambo mwaka 2001: unyanyapaa hukamilika pale anayekubandika jina anapokuwa na uwezo wa kukunyima kitu. Vijana wa kijiweni wakimwita mtoto zezeta, hayo ni matusi. Mwalimu mkuu akimwita hivyo na kumkatalia nafasi, njia imefungwa. Na haifungwi kwa wote sawasawa. Mwenye gari lake hakutani na macho ya abiria. Mwenye ada ya shule binafsi akikataliwa huku anagonga kule. Jina baya humfikia kila mmoja, lakini humzuia zaidi asiye na pa kupitia.

Nyumbani

Swali la kwanza la familia huwa "katoka wapi?", kabla hata ya "tumsaidieje?". Majibu yapo tayari. Mama alikiuka miiko ya mimba. Kwao kuna wazimu. Mke mwenza kamfanyia. Baba akiwa na maduka mawili na gari, watu watasema mtoto katolewa kafara, kwamba akili yake ndiyo iliyonunua mali. Yatazame majibu haya kwa makini: maskini hulaumiwa kwa laana, tajiri hulaumiwa kwa uchawi, na mama hulaumiwa kwa yote mawili.

Asitokee mtu akasema ni ujinga wetu Waafrika. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto Chicago, alichapisha kitabu kilichoegemea hoja kwamba usonji huletwa na wazazi waliomkosesha mtoto upendo, mama hasa. Akina mama wa Marekani wakaitwa baridi kama jokofu, na wengi wakapelekwa wao kutibiwa ili mtoto apone. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga nadharia hiyo kwa kitabu tangu 1964, ila lawama haikuisha upesi. Tofauti ni kwamba mama wa Chicago aliambiwa na daktari. Wa Mbagala huambiwa na wifi.

Aibu hii imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahoji walezi 102 wa watoto wenye usonji au ulemavu wa akili huko Addis Ababa. Karibu 45 katika kila 100 walisema wanaona aibu, na zaidi ya robo walikuwa wakijitahidi kuificha hali ya mtoto. Kumbuka walihojiwa wapi: kwenye kliniki. Hawa ndio waliofika. Aibu ya waliobaki nyumbani haikuwa na wa kuihoji.

Tusiharakishe kuwaita wanaoficha wakatili. Binti wa nyumba hiyo anakaribia kuposwa, na wakwe wakisikia kuna "ugonjwa wa ukoo" watarudi walikotoka. Mwenye nyumba analalamikia kelele za usiku. Mama anauza vitumbua, na wateja hawapendi kumwona mtoto anayechezea mate karibu na kikaango. Kumfungia ndani, kwa hesabu ya mama huyo, ni kuilinda riziki ya watoto wengine wanne. Hesabu hiyo haimkabili mwenye mshahara na uzio.

Na wapo wanaoshuka nyumbani bila aibu yoyote, kwa kusifiwa. Mtoto wa kike asiyemtazama mtu machoni, asiyechangamana na wenzake, anayekaa kimya kona moja akipanga vifungo kwa rangi, huambiwa ni mpole, ana haya, kalelewa. Kliniki duniani zimezoea kuandikisha wavulana wapatao 4 kwa kila msichana 1. Watafiti wanapotoka wenyewe kuwatafuta watoto katika jamii nzima, pengo hupungua hadi karibu 3 kwa 1. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni wasichana ambao hakuna aliyedhani wanahitaji kupelekwa popote.

Kwa mganga, kwa shekhe, kwa mchungaji

Mtafiti Joseph Gona na wenzake walizungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu usonji, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Walioulizwa chanzo walitaja pepo, uchawi na laana. Walitaja pia maradhi, matatizo ya kujifungua na kurithi. Walioulizwa tiba walitaja waganga, dua, maombi na hospitali. Mara nyingi ni watu walewale waliotaja yote. Mzazi wa pwani hachagui kati ya mganga na daktari kama achaguaye chama. Anajaribu kila mlango, na huanza na ulio karibu.

Ukaribu huo ndio wanaousahau wahubiri wa "acheni ushirikina". Mganga yuko nyuma ya nyumba. Jumapili yupo. Anazungumza Kigiriama au Kizaramo. Anapokea kuku, anapokea nusu leo na nusu baada ya mavuno. Zaidi ya yote, anatoa jibu siku hiyohiyo. Hospitali inatoa tarehe. Mwenye fedha anaweza kumpitia mganga Jumamosi na daktari bingwa Jumatatu. Asiye nazo hutumia nauli yote, na miaka miwili ya thamani ya utoto, kwenye mlango wa kwanza.

Pia tusiyadharau masimulizi ya akina mama. Wengi husema, "Alikuwa mzima mpaka ilipompata degedege." Pwani kuna imani ya muda mrefu inayoihusisha degedege na shetani mwenye umbo la ndege, na utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha jinsi imani hiyo inavyowapeleka watoto wa malaria kali kwa waganga kwanza. Lakini mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania waliochunguzwa kwa dalili za usonji; watatu kati yao walikuwa wamekua kawaida mpaka walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na dalili zikaanza walipopona. Usonji mwingi una asili ya kurithi, na watoto watatu si ushahidi wa kutosha kubadili hilo. Ila mama anaposema degedege, pengine anatoa historia ya ugonjwa ambayo daktari anapaswa kuiandika. Na malaria kali haigawanywi kwa usawa: humpata zaidi asiye na chandarua na aliye mbali na zahanati.

Hospitalini

Aliyefika hapa ameshachujwa mara mbili. Sasa anakutana na uhaba wa watu. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ndiyo kwanza kanda hii ikaanza kuwafundisha wataalamu hao nyumbani. Wanaotoka vyuoni ni wachache, na wachache huvutwa na miji. Kwa mzazi wa wilaya ya mbali, gharama ya huduma haianzi kwenye ada ya daktari. Huanza na nauli ya watu wawili, kulala mjini, kazi iliyoachwa, na yale macho ya ndani ya basi kwa saa nane.

Akishaonana na mtaalamu, huja suala la kipimo. Usonji hauonekani kwa damu wala picha ya kichwa. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mzazi. Chombo kinachoheshimiwa zaidi duniani kwa kazi hiyo huitwa ADOS. Sanduku lake huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, na wa kulitumia sharti afunzwe. Miongoni mwa michezo iliyomo ni sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere. Mchunguzi anatengeneza keki ya kuigiza, anachomeka mishumaa, wanaimba, kisha anaangalia kama mtoto atapuliza, atamlisha mwanasesere, atafurahia pamoja naye. Sasa mweke mbele ya keki hiyo mtoto ambaye kwao siku ya kuzaliwa haina sherehe, hajawahi kumiliki mwanasesere wa dukani, na mishumaa anaijua kwa kukatika umeme. Akikaa kimya, ukimya wake unasema nini?

Kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Mtoto aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa anaweza kuandikiwa dalili asiyokuwa nayo. Mwingine mwenye usonji kweli anaweza kusamehewa kwa kuwa "ana adabu". Mtaalamu mwenye uzoefu wa mazingira yetu hulijua hilo, akaweka ugali mahali pa keki na gari la makopo mahali pa mwanasesere. Lakini uzoefu huo huhitaji muda, na muda ndio unaokosekana kwenye foleni ya wagonjwa themanini.

Kuna pia ushauri unaotolewa kwa nia njema: "Mzungumzisheni lugha moja tu, mnamchanganya." Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji. Kinachotokea ushauri huo ukifuatwa ni kwamba bibi anayejua Kigogo tu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto, anaambiwa anyamaze. Mtoto mwenye shida ya mawasiliano anapunguziwa mtu wa kuwasiliana naye.

Shuleni

Kwa watoto wengi, mwalimu ndiye mtaalamu wa kwanza na wa mwisho watakayemwona, na shuleni hatua ya kwanza aghalabu ni fimbo. Tanzania Bara bado ina kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko, zikiweka mipaka: visizidi vinne, na kwa mamlaka ya mwalimu mkuu. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Kanuni au marufuku, aliye hatarini zaidi ni yule ambaye mwili wake hautulii. Mtoto mwenye ADHD huadhibiwa leo kwa kuinuka, kesho kwa kusahau daftari, keshokutwa kwa kujibu kabla ya kuulizwa. Kila kosa ni dalili, na kila dalili ni kosa. Mwaka wa tatu huacha mwenyewe, na shule huandika "mtoro".

Dawa inayotumika zaidi duniani kwa hali hiyo, methilfenideti, ilikataliwa kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena 2021, kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Tunaweza kubishana juu ya dawa hiyo. Lakini nchi zenye bajeti ndogo huitazama orodha ile zinapoamua kununua nini, na aliye na uwezo hununua bila kuisubiri orodha.

Walimu wa elimu maalumu wapo: Tanzania ina Chuo cha Patandi mkoani Arusha, Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu tangu 1986, na tangu 1984 ina vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule zinazowafaa. Sera za elimu jumuishi zimeandikwa pande zote mbili. Zinapofika darasani lenye wanafunzi tisini, mwalimu mmoja na chaki, neno "jumuishi" hubaki kumaanisha kwamba mtoto amekalishwa humo. Shule zenye kitengo cha usonji ni chache, nyingi zikiwa mijini, na familia nyingine huhamia mjini kuzifuata. Familia ya mkulima hailibebi shamba lake mgongoni.

Kwa wanaohesabu

Sasa tufike kituo cha mwisho, ambacho mama wa daladala hajawahi kukiona ila ndicho kinachoamua vituo vingine vyote. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipata wenye ulemavu asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2 ya waliotimiza miaka mitano. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 kwa dunia nzima. Hakuna muujiza uliotokea Kenya kati ya miaka hiyo, maswali yalibadilika. Maswali ya 2019 yalifuata mfumo wa kimataifa wenye mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Ni maswali mazuri kwa mtu mzima. Kwa watoto hukosa mengi, na ndiyo maana waliouandaa mfumo huo, wakishirikiana na UNICEF, walitoa maswali mengine ya watoto mwaka 2016. Ongeza kwamba anayejibu ni mkuu wa kaya, mbele ya karani anayetoka mtaa uleule.

Wanapokwenda wataalamu wenyewe, picha hubadilika. Katika utafiti wa mlango kwa mlango wilayani Kilifi, uliochapishwa mwaka 2006, walichunguzwa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9. Waliokutwa na athari za wastani au kubwa za mfumo wa neva, kifafa na matatizo ya akili vikiongoza, walikuwa 61 katika kila 1,000.

Kosa hili la kuhesabu waliofika lina historia ndefu. Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji kwa mara ya kwanza huko Baltimore mwaka 1943, aliandika habari za watoto 11, karibu wote wa wazazi wasomi. Kwa miongo kadhaa madaktari wakaamini ni hali ya matabaka ya juu. Hakuna aliyejiuliza: mwaka 1943, ni nani aliyeweza kumfikisha mtoto kwa Kanner? Ilikuja kuwa kazi ya Lorna Wing, daktari wa London aliyekuwa mwenyewe mama wa mtoto mwenye usonji, kuwatafuta watoto wote wa eneo moja, Camberwell, badala ya kuwasubiri kliniki. Mwaka 1980 alionyesha kwamba tabaka la wazazi halikuwa na uhusiano. Uhusiano ulikuwa kati ya tabaka na kufika. Na mtafiti Victor Lotter alipozunguka taasisi za watoto katika nchi sita za Afrika na kutoa taarifa mwaka 1978, aliwakuta wenye usonji wachache tu. Wapo waliosoma hilo kama ushahidi kwamba usonji ni jambo la Wazungu. Lotter aliwahesabu waliokuwa ndani ya taasisi, na mpaka leo ukihesabu hivyo utapata wachache.

Hapa mduara hufunga. Aibu inawashusha watu njiani, wanaoshuka hawahesabiwi, wasiohesabiwa hawapangiwi bajeti, bila bajeti huduma inabaki mjini na kwa fedha, wanaoipata ni wenye nazo, mtaa unahitimisha kwamba usonji ni maradhi ya kitajiri na wa kwetu ana pepo. Aibu inaanza upya.

Kipi hutangulia?

Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, kuna matembezi na fulana. Wazo lake ni kwamba elimu ikienea aibu itapungua, na aibu ikipungua watu watatafuta huduma. Uzoefu wetu wenyewe unasema mpangilio huo una walakini.

Mabango ya UKIMWI yalijaa katika miaka ya 1990, na bado kupima kulikuwa kama kwenda kusomewa hukumu. Kuanzia 2004 Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani Dar es Salaam. Tendo lile lilikuwa na uzito kwa sababu aliyewafuata na kukutwa na virusi alikuwa na pa kwenda. Unyanyapaa haukwisha. Lakini jirani alipomwona aliyekuwa hoi amerudi shambani, maneno yalipungua kuliko mahubiri yoyote yalivyoweza kuyapunguza. Huduma iliyoonekana ilifanya kazi ya elimu.

Mtu atasema usonji hauna kidonge. Ni kweli, wala hautafutiwi. Mtoto hahitaji kugeuzwa mwingine. Huduma yake ni vitu vya kawaida zaidi: njia ya kusema "maji" kwa picha kama mdomo haujaweza, mwalimu anayejua kelele zinamuumiza, mama anayejua nini kinatangulia kabla ya kujipiga. Mtoto anayeweza kuonyesha picha ya kikombe ana sababu moja pungufu ya kupiga kichwa ukutani, na hilo jirani huliona. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuongozwa na mtu asiye bingwa, na yamejaribiwa Ethiopia na Kenya. Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kukaa kwenye zahanati ya kata au darasa la chekechea, Mbagala kwenyewe, bila mtu kupanda daladala mbili.

Hayaondoi haja ya mabingwa, wala ya sheria kutekelezwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni wenye ulemavu. Kijana mwenye usonji aliyeshuka kituo cha kwanza hana cheti cha kumfikisha kwenye usaili. Lakini mafunzo karibu na nyumbani hugusa pale mduara unapoanzia.

Na kuna jambo dogo la kuazima. Kliniki za dawa za kufubaza virusi ziliweka utaratibu wa kuwafuatilia waliopotea: asipotokea mtu siku ya miadi, jina lake hupewa mhudumu wa jamii, naye hupiga simu au hubisha hodi. Daftari la wasiofika lipo nchini, limeshachorwa mistari, na watu wanaojua kulitumia wapo. Lingekuwapo pia kwa watoto hawa, mwenye bahasha ya kaki angepigiwa simu jioni ileile. Asingeulizwa kwa nini hakuja. Angeulizwa alishukia wapi.